Jiwe la mezani kwa babu: mtoto wa Nakuru anasomea mabamba yanayozama ya nini?

Mpwa wangu anasomea jiofizikia Japani. Alikuja Nakuru Desemba iliyopita na kama kawaida familia yote ikajazana kwa babu kule Lanet, mbuzi ameshachomwa, soda ziko mezani, kila mtu anataka kusikia za huko. Basi akatoa jiwe kwa begi. Jiwe la kijani lenye mistari myeusi, ukilishika linateleza ni kama limepakwa mafuta, akaliweka hapo katikati ya sahani na hakusema limetoka wapi. Sisi tukajua ni zawadi ya Japani, watoto wa wengine huleta simu na saa, huyu wetu analeta jiwe, sawa tu.

Babu alifanya kazi ya reli miaka mingi na hapendi kitu asichokielewa. Akamwuliza, "Mjukuu wangu, Menengai iko hapo, Bonde la Ufa lote ni lako bure, sasa umepanda ndege kwenda kusomea mawe ya watu ya nini?"

Akajibu, "Babu, hapa kwetu ni mahali dunia inatoa. Mimi nasomea mahali inameza."

Tulicheka lakini hakuna aliyeelewa, mimi mamake mdogo nikiwa wa kwanza. Ilinichukua siku tatu za kumsumbua na maswali, tukiosha vyombo, tukienda soko, tukiwa kwa matatu, ndo nikaanza kushika. Nimeandika hapa kabla sijasahau.

Tuanze na hiyo kumeza. Uso wa dunia umekatikakatika vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba, na vinasonga. Bamba la chini ya bahari likizeeka linapoa, likipoa linakuwa zito, sasa likikutana na lingine jepesi linapinda na kuingia chini yake. Wataalamu wanaita sabdaksheni, mimi nitasema kuzama. Linazama ndani ya koti ya dunia, hilo tabaka nene lililo chini ya ganda tunalokanyaga. Ganda lenyewe ni kitu kidogo, kama kilomita 30 hadi 50 kwa sehemu nyingi za bara na kama 7 tu chini ya bahari, halafu koti inashuka mpaka kilomita 2,890 hivi kabla ufikie kiini. Yaani zaidi ya asilimia 80 ya dunia hii ni koti, sisi tuko kwa ngozi ya juu tu tunagombania ploti.

Na hapa nilikuwa nimedanganyika maisha yangu yote, nilijua huko chini ni uji wa moto unachemka. Si uji. Ni mawe magumu kabisa, isipokuwa yanatiririka, polepole mno, ni kama godoro ambalo mgeni mzito amelalia usiku kucha, akiamka shimo halirudi mara moja, linainuka kidogo kidogo. Kule Sweden na Finland kulikuwa na barafu nene sana zamani za kale, barafu ikayeyuka kitu kama miaka 10,000 iliyopita, na mpaka leo kuna sehemu za pwani yao bado zinainuka karibu sentimita moja kila mwaka, godoro linajirudisha. Mwaka 1935 mtu anaitwa Norman Haskell alichukua huo mwinuko akapiga hesabu akajua koti ina ugumu gani wa kutiririka. Hakushuka popote, alikaa na kalamu.

Hiyo ndo kazi yenyewe kwa ufupi, kujua kitu usichoweza kufikia. Warusi walichimba kule Kola miaka na miaka, wakafika mita 12,262 wakashindwa, na hata nusu ya ganda hawakuwa wamemaliza.

Sasa wanaonaje? Mtu wa Kakamega au Kisii hahitaji kufundishwa hii. Umeme wa radi unamulika, unaanza kuhesabu, ngurumo ikichelewa unajua radi iko mbali, ikifuata hapo hapo unaingia chini ya meza. Tetemeko nalo linatuma mawimbi ya aina mbili kwa wakati mmoja, moja lina mbio na lingine ni zito kidogo, ni kama nduthi na lori la miwa zimetoka Awasi pamoja. Ukiwa Ahero nduthi itakutangulizia lori dakika chache tu, ukiwa Kisumu mwanya umeongezeka. Ukipima mwanya kati ya wimbi la kwanza na la pili unajua tetemeko lilikuwa umbali gani, vituo vichache vikipima pamoja unajua lilitokea wapi.

Mjapani mmoja kijana, Kiyoo Wadati, alikuwa anafanya kazi kwa ofisi ya hali ya hewa Tokyo miaka ya 1920, na akagundua kitu kisichoeleweka. Kuna matetemeko ambayo hata kituo kilicho karibu nayo kabisa, hapo juu yake, kilikuwa kinaonyesha mwanya mrefu. Itakuwaje? Ni kama uko mlangoni kwa jirani na ngurumo bado inachelewa. Jibu ni moja tu, umbali hauko kando, uko chini. Tetemeko lilikuwa limetokea kilomita 300 na zaidi ndani ya dunia. Akaandika hiyo mwaka 1928, na baadaye akaonyesha kwamba matetemeko hayo hayajatawanyika ovyo, yanajipanga kama ubao ulioinama, karibu na bahari yako juu, ukielekea bara yanazidi kwenda chini. Mmarekani Hugo Benioff akaja kuona mpangilio kama huo sehemu nyingine za dunia. Leo tunajua ubao huo ni nini, ni bamba linalozama, lakini wakati huo hakuna mtu alikuwa na jina la kuupa.

Mwaka huo huo wa 1928, tarehe 6 Januari, sisi tulikuwa na letu. Subukia hapo, ukitoka Nakuru unaelekea Nyahururu, tetemeko la ukubwa wa 6.9, ardhi ikachanika kama kilomita 38 kufuata mteremko wa Laikipia. Mpwa wangu alinionyesha ile ngazi ya ardhi tukipita, mimi nimepita hapo mara mia nikienda kununua viazi na sikuwahi kujua. Tofauti ni kwamba la Subukia lilikuwa la juu juu, ndani ya ganda, kwa sababu hapa bamba linatanuka linapasuka, hakuna kinachozama. Matetemeko ya kilomita mia kadhaa chini hapa hatuna. Yanapatikana kule dunia inameza, na yanaishia kilomita 700 hivi, zaidi ya hapo kimya.

Babu alikuwa anasikiza hii yote kimya akitafuna, halafu akauliza, na sijui kwa nini sisi wote tuliosoma hatukuuliza, "Sasa hayo mabamba yanasukumwa na nani?"

Hili swali limewala watu maisha yao. Mwanzoni wengi waliona koti kama sufuria, moto chini, maji yanapanda katikati na kushuka pembeni, mabamba yanabebwa juu kama majani. Si uongo kabisa lakini si yote. Katika miaka ya 1960 Jack Oliver na Bryan Isacks, watu wa Marekani, walipeleka mashine za kupima mitetemo Tonga na Fiji, visiwa vya huko Pasifiki ambako chini kuna matetemeko ya kina kirefu mengi kuliko mahali popote. Wakakuta mawimbi yaliyopanda kuelekea Tonga yanafika yakiwa makali na safi, yale yaliyoelekea Fiji yanafika yamechoka. Maana yake njia ya Tonga ilikuwa ndani ya kitu kigumu na baridi, ubao mzito wa kama kilomita 100 unene, umeinama unaingia kwa koti yenye joto na ulaini. Wakaandika mwaka 1967 kwamba ni ganda na sehemu ya juu ya koti zinazama pamoja, kama kipande kimoja.

Na mwaka 1975 Donald Forsyth na Seiya Uyeda wakafanya hesabu ambayo ningependa kila mwalimu wa jiografia aijue. Wakachukua mabamba yote wakauliza, yanayokimbia yana nini ambacho yanayojikokota hayana? Ukubwa? Hapana. Yana ubavu unaozama. Bamba lenye upande mrefu unaozama linakwenda mbio, lisilo nao linasuasua.

Babu akaruka hapo. "Kama behewa." Akaeleza mwenyewe, na mpwa wangu akamwachia, kwamba treni ya mizigo ikifika kileleni Timboroa mabehewa ya mbele yakianza kuteremka yanavuta yale ya nyuma ambayo bado yako kwa tambarare, dereva asipokuwa makini na breki uzito wa mbele unabeba treni yote. Mpwa wangu akasema hajawahi kusikia profesa akieleza vizuri hivo. Sehemu ya bamba iliyokwisha kuzama ndo behewa la mbele. Ndo maana Pasifiki, ambayo imezungukwa na mahali pa kuzama, inakimbia, na kule kaskazini mwa Tonga inafika karibu sentimita 24 kwa mwaka mabamba yakikutana.

"Na Afrika," babu akauliza, "inavutwa na behewa gani?"

Hapo ndo nikaelewa kwa nini huyu mtoto alienda Japani.

Afrika karibu haina behewa. Angalia ramani, upande wa magharibi ni Atlantiki ambapo sakafu mpya ya bahari inazaliwa, kusini hivo hivo, mashariki ndani ya Bahari ya Hindi hivo hivo, ni kule juu tu karibu na Krete kwa Wagiriki ndo kipande kinazama. Inasonga sentimita 2 na kitu kwa mwaka. Na bado inapasuka, hapa, kutoka Ethiopia kushuka Turkana, Baringo, Nakuru, Naivasha, Magadi mpaka Tanzania, upande wa mashariki unaondoka milimita chache kila mwaka. Kama kinachoendesha mabamba ni kuvutwa, na hapa hakuna wa kuvuta, nani anatupasua? Ukikaa Nakuru tu unaangalia Menengai huwezi hata kujua hili ni swali. Mpaka ujue kwanza kawaida inavyokuwa.

(Kando kidogo, kuna mama mmoja wa Marekani, Marie Tharp, miaka ya 1950 mwanzoni alikuwa anachora ramani ya sakafu ya Atlantiki akaona katikati ya mlima wa baharini kuna bonde, akasema hili linafanana na lile la Afrika Mashariki, dunia inafunguka hapa. Mwenzake Bruce Heezen akaliita porojo za wasichana. Baadaye akakubali. Bonde letu lilikuwa ushahidi wa mtu ambaye hawakutaka kumsikiza.)

Jibu la sasa la hilo swali liko chini sana. Tangu miaka ya 1980 wanakusanya mawimbi ya maelfu ya matetemeko na kuyaunganisha kwa kompyuta kupata picha ya ndani, ni kama ile skeni ya hospitali ambapo unalala na mashine inakuzunguka, isipokuwa hapa mgonjwa ni dunia na miale ni matetemeko. Mahali mawimbi yanapita haraka pana baridi, yanapochelewa mara nyingi pana joto. Picha hizo zinaonyesha mabamba yaliyozama zamani za dinosaria bado yako huko chini, baridi, kama lile la Farallon ambalo sasa liko chini ya Amerika Kaskazini. Mengine yamefika kilomita 660 yakalala kama mtu amechoka, hasa upande wa Japani, mengine yametoboa yakaenda mpaka karibu na kiini. Na chini ya Afrika kuna kitu kikubwa ajabu, bonge linalochelewesha mawimbi, limekalia kiini na kupanda zaidi ya kilomita 1,000. Lina jina, Tuzo, kwa heshima ya Mkanada Tuzo Wilson. Sehemu yake inainama kupanda kuelekea upande wetu, na wengi wanaamini joto linalopanda kutoka huko ndilo lililoinua nyanda zetu na kulegeza ganda mpaka likakubali kupasuka.

Na hilo bonge limekaaje hapo? Bado wanabishana, kuna wanaosema ni takataka za mabamba ya kale yaliyozama yakarundikana, na wanaosema ni kitu cha tangu dunia iumbwe. Ila wengi wanaona mabamba yanayofika chini ndiyo yanayolisukuma na kulikusanya, vile unavyosukuma uchafu kwa ufagio mpaka unajikunja pembeni. Kwa hivo kinachozama Pasifiki kinahusika na kinachopanda huku. Ndo maana nasema si mtoto aliyepotea njia.

Kuna wakati watafiti hawakusubiri matetemeko. Mradi wa KRISP, wa kimataifa, kati ya 1985 na 1994, walilipua baruti ndani ya maziwa yetu, Turkana, Baringo, Naivasha, na hata Ziwa Victoria mwaka 1990, na kupanga mashine za kusikiza kukata bonde lote. Wakapata kwamba chini ya Naivasha ganda lina kilomita 35 hivi na chini ya Turkana limebaki kama 20, limevutwa likawa jembamba kama chapati ya mtu bahili, na koti iliyo chini ya bonde inapitisha mawimbi polepole kuliko kawaida, dalili ya joto.

Kitu kingine nilikuwa nachanganya ni volkano. Ya Fuji na ya Longonot si vitu vya namna moja. Bamba likizama linabeba maji, si maji ya mtungi, ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, likifika kama kilomita 100 chini joto na uzito vinalikamua, maji yanapanda kwa koti iliyo juu yake, na jiwe likipata maji linayeyuka kwa joto dogo kuliko lingeyeyuka likiwa kavu. Ndo hiyo Japani. Hapa kwetu hakuna maji ya kuzamishwa, koti inapanda kwa sababu juu pamefunguka, na ikipanda mzigo unaoikandamiza unapungua inaanza kuyeyuka yenyewe. Ndo hiyo Menengai. Na haiko mbali, wale wa GDC, kampuni ya serikali ya mvuke wa ardhini, walipoanza kuchimba mvuke ndani ya Menengai mwaka 2011, baadhi ya visima vilifika kama kilomita 2 hivi vikagonga magma. Kilomita 2! Ni kama kutoka hapa mjini kuelekea Section 58.

Sasa kazi ya kila siku ikoje? Babu alidhani ni nyundo na buti. Ni kompyuta, asubuhi mpaka usiku, anaandika programu za kuigiza koti inavyotiririka, anaweka bamba la unene huu na ugumu huu anaacha mashine ihesabu siku kadhaa, inatoka upuzi, anaanza upya. Wenzake wengine wako maabara wanakamua chembe ndogo ya madini kati ya ncha mbili za almasi mpaka ifikie uzito ulio karibu na kiini, zaidi ya mara milioni moja ya uzito wa hewa tunayovuta. Wengine wanafunga mashine shambani, na huko adui ni kisiagi. Mashine inayosikia tetemeko la Tonga inasikia pia kinu cha kusaga mahindi kilicho kilomita moja, malori ya barabara kuu na ng'ombe akijikuna kwa nguzo, kwa hivo unatafuta mahali pa mwamba, pametulia, na mwenyeji mzuri wa kulinda betri isiibiwe.

Yeye swali lake ni lile la matetemeko ya kina. Huko chini jiwe lina moto na limekandamizwa sana, linafaa kujikunja kama udongo wa mfinyanzi, si kuvunjika. Lakini tarehe 24 Mei 2013 chini ya Bahari ya Okhotsk kitu kilivunjika zaidi ya kilomita 600 chini, ukubwa 8.3, mpaka watu wa Moscow wakahisi majengo yanayumba. Kwa yale ya juu kidogo wanadhani ni maji kutoka kwa madini yanayokauka, kwa yale ya chini kabisa wanadhani ni madini yaliyochelewa kubadilika yanabadilika ghafla. Amekaa na hiyo miaka mitatu na anasema anaweza kukaa nayo hadi astaafu, Wadati aliishi mpaka 1995 na bado jibu kamili halijapatikana. Mamake akauliza kama kuna mshahara. Kuna, mdogo.

Siku ya mwisho nilimwuliza hilo jiwe ni la wapi Japani.

"Mama mdogo, hilo ni la Pokot. Nilipitia Sekerr wiki iliyopita kabla nije huku."

Kumbe tulikuwa tunameza pia, zamani. Ukitoka Kisumu, ambayo yenyewe imekaa kwa mkono wa bonde uliokufa, na milima kama Homa iliyotapikwa kutoka kwa koti, ukienda Kakamega unakanyaga mawe ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, yale yenye dhahabu, na kuna wanajiolojia wanaoyasoma kama mabaki ya visiwa vya volkano, kama vya Japani ya leo. Ukipanda Pokot kuna mawe ya umri mdogo kuliko hayo, sakafu ya bahari iliyokuwa mashariki mwa hapa, bahari ikafungwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, bara likagongana na bara, na badala ya kuzama yote vipande vichache vikabanwa vikasukumwa juu ya nchi kavu. Hilo jiwe la kijani ni koti ya dunia yenyewe, ya chini ya bahari, iliyokunywa maji ikageuka rangi na kuteleza. Mawe ya namna hiyo ni kati ya yale yanayobeba maji kwenda chini Japani.

Babu aliligeuza geuza, akalinusa, akauliza kama hiyo bahari ilikuwa na samaki. Akaambiwa wakati huo samaki hawakuwepo. Akaonekana kama amepoteza hamu. Lakini nilipoenda kumwona Pasaka nililiona, amelitumia kuzuia mlango wa jikoni usigongwe na upepo, na mjukuu mdogo alipotaka kulichukua kupasulia makadamia alifokewa vizuri sana.